Wasia wa Nyumba na Bei ya Unga: Tungo za Maadili Zikisomwa Kilwa Kivinje

Tungo za wasia ni katika mali kongwe za maandishi ya Kiswahili. Mzazi huhisi ajali yake kuwa karibu, au humwona mwanawe amekaribia kutoka kwenda kuanzisha nyumba yake; huagiza karatasi na wino, na huanza kumwusia jinsi ya kuishi na Mungu, na watu, na mume au mke, na nafsi yake mwenyewe. Tungo hizi zimesomwa vyumbani na barazani, zimehifadhiwa kwa moyo na watu wasiojua kusoma, na kwa muda mrefu zimepimwa kwa mizani mbili: mizani ya dini na mizani ya lugha. Tangu miaka ya 1990 imetumika sana na ya tatu, nayo ni haki ya mwanamke. Mizani zote tatu ni halali. Iko ya nne, hata hivyo, ambayo wahakiki huiacha dukani ilipo, yaani ile ipimayo unga na sukari. Ni nadra kuulizwa kama mtunzi wa wasia alijua bei ya vitu anavyomwamuru mwanawe awe navyo.

Swali hilo si la mzaha. Wasia wa nyumba, hata ukiwa umejaa aya na dua, ni wasia wa matumizi. Anayeambiwa awe msafi ameambiwa anunue sabuni na ateke maji. Anayeambiwa asimrudishe mgeni ameambiwa aongeze kibaba, au apunguze chake. Anayeambiwa apendeze mbele ya mumewe ameambiwa doti mpya itoke mahali fulani. Mtunzi aweza kunyamaza juu ya mahali hapo, lakini msikilizaji hawezi. Na anaposhindwa kutimiza, utungo humwachia jibu moja tu, kwamba kasoro i katika tabia yake. Hapo ndipo jambo linapokuwa zito. Umaskini ukiisha kuelezwa kuwa ni uzembe, utungo mzuri umekwisha kutumika kumhukumu mtu ambaye kosa lake ni kuzaliwa mahali ambapo riziki ni chache.

Pa kuitumia mizani hiyo pako Kilwa Kivinje. Mji huu ulikua katika karne ya 19, wakati Kilwa Kisiwani ilikuwa imekwisha kushuka, na misafara ya kutoka upande wa Ziwa Nyasa ilitua hapo na pembe, sandarusi na watumwa. Ulikuwa mji wa fedha. Wajerumani waliufanya makao ya wilaya na kujenga boma lao karibu na bahari; mwaka 1895 walimnyonga hapo Hassan bin Omari Makunganya pamoja na wenziwe. Baadaye, katika utawala wa Waingereza, makao ya wilaya yakahamishiwa Kilwa Masoko, na Kivinje ikabaki na boma tupu, na milango ya nakshi, na kuta za mawe zilizopasuliwa na mizizi. Nyumba za watu wengi ni za miti na udongo, na makuti au mabati juu. Mwenye nyumba huvua, au hulima mihogo na ufuta, au ana minazi na mikorosho michache. Mkewe husuka ukili, hukaanga vitumbua alfajiri, na maji ya bamvua yakitoka huenda mwambani kuchokoa pweza.

Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, lori la unga kutoka Dar es Salaam lilingoja kivuko cha Ndundu katika mto Rufiji, na masika yakizidi njia ilifungwa. Mwezi Mei 2024, kilipopita kimbunga Hidaya, barabara ilikatika tena upande wa Somanga na mikoa ya Kusini ikatengwa na Dar es Salaam kwa siku kadhaa. Gesi ya Songo Songo, ambayo ni kisiwa cha wilaya hiihii ya Kilwa, imekuwa ikisafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam tangu mwaka 2004 kuendesha mitambo ya umeme. Majiko mengi ya Kivinje yameendelea kula kuni na mkaa. Katika mji kama huu, mke mwenye busara na mke asiye na busara huamka siku moja na kukuta bei moja.

Basi na usomwe kwanza Utendi wa Mwana Kupona, kwa kuwa ndio mama wa tungo hizi. Ulitungwa mwaka 1858, na mtunzi wake alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu. Alikuwa mgonjwa, na bintiye Mwana Hashima alikuwa bado mdogo. Humwambia binti alete wino na karatasi. Humtajia wale ambao radhi zao hazina budi zitafutwe, Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Kisha huingia ndani ya nyumba. Na hapo ndipo utukufu wa utendi huu ulipo. Hakuna utungo mwingine wa wasia ulio karibu hivi na mikono. Binti huambiwa asiache kufagia, na choo hakisahauliwi. Huambiwa namna ya kumkanda mume na kumpepea, namna ya kumwacha alale asisumbuliwe, namna ya kujifukiza na kutia maua nguoni. Beti hizi zina harufu ya udi na ya nyumba iliyopigwa maji. Mtunzi aliyekitaja choo katika utendi uleule anaomtajia Mtume hakuwa mtu wa kuona haya kazi ya nyumba, wala hakufikiri kwamba ushairi huanza pale ufagio unapowekwa chini.

Lakini ni nani aliyeushika ufagio? Utendi wenyewe unajibu, bila kukusudia. Binti huonywa asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi. Ubeti huo husomwa kwa kawaida kama onyo juu ya heshima, na wahakiki hupita. Akiusoma mtu wa Kivinje hana budi kusimama. Katika miaka hiyohiyo ambapo Mwana Kupona alikuwa akimwusia binti yake, Kivinje ilikuwa bandari kubwa ya pwani ya bara iliyowapakia watumwa majahazini kwenda Unguja, na kutoka huko wengine walifika mbali kaskazini: Wayao, Wanyasa, Wangindo na wengineo. Huenda mikono iliyofagia nyumba za Pate na Siyu ilipitia ufuko huu. Watu wa Kusini wamo katika utendi huo. Wamo bila majina, katika ubeti unaomwambia binti asikae nao. Ndiyo sababu bajeti ya nyumba ya Mwana Hashima haikuhitaji kuandikwa. Kazi iliyo ghali kuliko zote ilikuwa imekwisha kulipwa na mtu mwingine.

Kuhusu mali, utendi una ubeti mmoja tu wa kusemea, na ni ubeti mgumu. Binti huambiwa apokee kwa moyo mkunjufu kile ambacho mume amempa, na kile ambacho hakukifanya kwa hiari yake hakuna haja ya kumtajia. Wapo wanaouona ubeti huo kuwa ni kifungo, na wapo wanaouona kuwa ni adabu. Na wamekuwapo walioona katika utendi mzima kejeli iliyofichika, mama akimfundisha binti jinsi ya kumtawala mume kwa kujifanya mtumishi wake. Kwa mizani ya duka ubeti huo wasomeka hivi: ni shauri zuri kwa nyumba yenye ghala. Katika nyumba ambayo mume analeta yote na ghala haliishi, kunyamaza ni namna ya kulinda heshima, kwani mwenye kuomba hushuka. Nyumba ya Kivinje si ya mapato ya mtu mmoja. Samaki wa mume huuzwa siku wakipatikana. Vitumbua vya mke huuzwa kila siku ya Mungu. Mke huyo si mpokeaji tu. Kuna asubuhi ambazo mume ndiye apokeaye, na utendi haukumtungia ubeti wa kumfundisha namna ya kupokea.

Shaaban Robert ni mtu wa zama nyingine na wa mfuko mwingine. Alizaliwa mwaka 1909 karibu na Tanga, na tangu mwaka 1926 aliishi kwa mshahara: karani wa forodha kwa miaka mingi, kisha karani katika idara nyingine, akihamishwa Pangani, Mpwapwa, Tanga. Mshahara ulikuwa kitu kipya katika historia ya wasia. Mtu wa mshahara anajua tarehe ya kupata na anajua kiasi. Asichojua ni nani atakuja kabla ya tarehe hiyo. Katika Maisha Yangu, iliyochapishwa mwaka 1949, ameeleza ndoa yake na kufiwa na mkewe Amina, na humo zimo tungo mbili alizowaandikia watoto wake: Hati kwa binti yake, na Adili kwa mwanawe wa kiume.

Kwa ufundi wa vina Hati ni kazi iliyokamilika, na upole wa baba aliyebaki na watoto wasio na mama unasikika ndani yake. Hata hivyo, mtu aliyetoka kumsoma Mwana Kupona huona kwamba ameondolewa jikoni na kupelekwa ofisini. Fadhila zimepangwa kwa utaratibu, kila moja mahali pake, kama majalada katika kabati la karani hodari. Dini, utii, ulimi, ndoa, yote yametajwa kwa haki yake. Ila harufu haipo. Baba huyu aliyejua kwa hakika mwisho wa mwezi ni nini hakumwambia binti yake lolote juu ya wiki ile ya nne. Wema katika Hati na Adili ni sarafu isiyopungua. Kadiri mtu aitumiavyo ndivyo inavyozidi. Ni fikra nzuri, na katika mambo ya roho yaweza kuwa kweli. Katika mambo ya chungu si kweli.

Isidhaniwe kwamba Shaaban Robert hakujua. Nathari yake na barua zake zinashuhudia vingine. Barua alizomwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge kuanzia mwaka 1931 hadi 1958 zilihifadhiwa na ndugu huyo, na zilitolewa kitabu na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 2002. Humo mna habari za kazi, za jamaa, za maradhi, za vitabu na za mahitaji, kwa lugha ya ndugu kwa ndugu. Ni wasia pia, lakini ni wasia uliopangwa na siku na sio na fadhila. Kwa shughuli ya uhakiki wa maandishi ya nyumba, barua hizi zina uzito kuliko Hati, na si vibaya kusema hivyo juu ya mshairi ambaye sifa yake haitapunguzwa na neno hilo. Kosa limekuwa la shule, ambazo zimewapa watoto tungo za fadhila kwa vizazi viwili au vitatu na kuwaficha barua, kana kwamba mtu mkubwa hana haja ya fedha.

Ebrahim Hussein, aliyezaliwa Kilwa mwaka 1943, hakuandika wasia. Lakini mchezo wake Wakati Ukuta, ambao jina lake ni nusu ya methali, wapaswa kutajwa hapa kwa jambo moja. Ndani yake wazazi na binti wanagombana juu ya mwenendo wa kisasa, na binti anajibu. Mwana Hashima hakujibu. Binti wa Shaaban Robert hakujibu. Umbo la utenzi halina nafasi ya kujibu. Msikilizaji ameitwa, ameketishwa, na amenyamazishwa kabla ya ubeti wa kwanza kwisha. Mchezo wa kuigiza humpa binti mdomo, na mara apatapo mdomo, wasia hugeuka kuwa hoja ambayo yaweza kushindwa. Ni jambo dogo kwa kulisema, lakini katika maandishi ya nyumba lilingojewa zaidi ya miaka mia moja.

Serikali nayo iliandika wasia wake. Mwaka 1973 ilifanywa kampeni ya Mtu ni Afya, ambapo watu wapatao milioni 2 walikusanyika katika vikundi kote nchini kusikiliza redio, kusomewa kitabu na kujadiliana juu ya malaria, safura, kichocho, kuhara damu na kifua kikuu. Na mwaka 1975 ikafuata Chakula ni Uhai. Vitabu hivyo havijapata kuhesabiwa kuwa maandishi ya kuhakikiwa. Vinastahili. Sentensi zake ni fupi, vitenzi vyake ni vya amri, na kila somo humalizikia kwenye jembe: kichimbwe choo, yafukiwe madimbwi, majani yafyekwe. Wasia huu umefanana na Mwana Kupona kuliko unavyofanana na Shaaban Robert, kwa kuwa unajua choo. Na umempita Mwana Kupona kwa kuwa aliyeambiwa achimbe ndiye aliyechimba. Udhaifu wake ni mwingine. Nyumba yake ni moja kwa nchi nzima. Mchanga wa pwani hauchimbiki kama udongo wa bara, na shimo la choo karibu na bahari hupata maji au kuta zake huporomoka kabla ya kufika kina kinachotakiwa. Aliyeuona mchanga huo ukimporomokea hakupata ukurasa wake kitabuni.

Baada ya tungo zenye waandishi, yabaki maneno yasiyo na mwandishi, na ndiyo yaliyo mengi katika nyumba za Kivinje. Watu wamezoea kuzitaja methali za akiba kana kwamba zote zasema jambo moja. Hazisemi jambo moja. Haba na haba hujaza kibaba; lakini pia bandu bandu huisha gogo. Tendo katika methali hizo mbili ni lilelile, kidogo baada ya kidogo. Tofauti ni upande uelekeao. Ya kwanza hufundishwa watoto darasani, kwa sababu inatia moyo. Ya pili haitii moyo, lakini mtu aliyepata kuweka nyumbani shilingi za karo ndani ya kopo anaijua kwa undani zaidi: mara dawa ya mtoto, mara mchango wa msiba, mara jamaa amefika kutoka shamba na hana nauli ya kurudi. Kopo halikuibwa. Lilibanduliwa.

Tena kuna ile isemayo kukopa harusi, kulipa matanga, ambayo ni fupi kuliko ubeti wowote wa utenzi na imeyaweka humo mambo mawili makubwa yanayofilisi nyumba ya pwani. Yafaa kuangaliwa jinsi ilivyofanya kazi. Harusi na matanga hapa ni mifano ya furaha na huzuni. Lakini mwenye kuisikia Kivinje haachi kukumbuka kwamba harusi yenyewe ilikopewa mchele, na matanga yenyewe yalikopewa sukari, na kwamba mwenye duka ameyaandika yote mawili katika ukurasa mmoja. Methali imesimama juu ya kitu chenyewe kilichotajwa. Ushairi wa namna hii hauwezi kutungwa na mtu asiyepata kudaiwa.

Kanga ina uhuru mwingine. Kaderdina Haji Essak, mfanyabiashara wa Mombasa aliyejulikana zaidi kwa jina la Abdulla, ndiye anayesifiwa kuwa alianza kuyapiga chapa maneno ya Kiswahili kwenye kanga mapema katika karne ya 20. Tangu hapo mwanamke wa pwani amekuwa akivaa wasia. Tofauti iliyopo ni kwamba wasia huu ameununua mwenyewe, amechagua maneno kati ya maneno mengi yaliyoning'inia dukani, na mara nyingi haukusudiwi kwake bali kwa jirani. Mwana Hashima hakuchagua beti zake. Mwanamke wa Kivinje huchagua, hulipa, na hupita barazani na maneno yake mgongoni bila kufungua mdomo. Ni kweli kwamba maneno mengi ya kanga ni ya husuda na mafumbo ya wake wenza, na mhakiki mkali aweza kuyadharau. Lakini kanga yenyewe ni mstari katika matumizi ya nyumba: doti moja huvaliwa, hubebea mtoto, hufunika chakula, hutandikwa, na ikichakaa hukatwa ikawa nepi na mwisho ikawa kitambaa cha kutolea chungu motoni. Maneno hufifia yakiwa bado yanafanya kazi. Hakuna kitabu cha maadili kilichopata matumizi ya namna hiyo.

Methali moja tu katika jamii hii inataja maandishi, nayo ni ile ya mali bila daftari hupotea bila habari. Inasemekana sana na wafanyabiashara, na hudhaniwa kuwa yao. Huko Kivinje, kama katika miji mingi ya Tanzania, daftari lililo muhimu kwa nyumba ndogo si la mwenye duka. Ni la kijumbe wa upatu.

Utaratibu wa upatu wajulikana, lakini hesabu yake haielezwi ipasavyo. Tuseme wanawake 10 wamekubaliana kutoa shilingi 2,000 kila mmoja kwa wiki. Kila wiki kijumbe hukusanya shilingi 20,000 na kumpa mmoja wao. Baada ya wiki 10 kila mtu ametoa shilingi 20,000 na kila mtu amepokea shilingi 20,000. Hakuna faida hata ya senti moja. Mtu wa benki akiitazama hesabu hiyo huona kwamba hakuna kilichotokea. Kilichotokea ni kwamba haba imekuwa kibaba kabla haijapata kubanduliwa. Shilingi 2,000 ndani ya nyumba si kitu. Haziwezi kuifikia wiki ya pili. Shilingi 20,000 zikija mara moja hununua unga na mafuta ya vitumbua kwa bei ya jumla, au sare ya shule, au huingia katika deni la dukani likafungwa. Aliye wa kwanza katika zamu amekopeshwa na wenziwe 9 bila riba. Aliye wa mwisho amewekeza kwao bila riba. Walio kati wamefanya yote mawili kwa vipimo mbalimbali. Kwa hiyo jambo lote li katika mpango wa majina. Nani awe wa kwanza, nani asubiri, nani aaminiwe kwamba akiisha kupokea ataendelea kutoa: hayo ndiyo maswali ya adili, na hapa yanajibiwa kwa orodha.

Vikoba, vilivyoenea baadaye, vina sanduku lenye kufuli tatu na wenye funguo watatu, vina hisa, mikopo yenye riba, faini za kuchelewa na mgawo wa mwisho wa mwaka. Vimesaidia wengi. Lakini kwa mhakiki wa maandishi si vyenye utajiri uleule, kwa sababu kanuni zake zimekuja zimekwisha andikwa, na kufuli imechukua sehemu ya kazi ambayo katika upatu hufanywa na neno la mtu.

Daftari la kijumbe halijapata kukusanywa wala kutazamwa kama maandishi. Tenzi za Lamu na Pate zimehifadhiwa hata vipande vyake vilivyoliwa na mchwa, na ni haki. Daftari za wanawake wa Kivinje huwashia moto zikijaa. Kwa kawaida ni daftari la shule la mistari, lenye jedwali la hesabu nyuma ya jalada, na mara nyingi mtoto wa darasa la tano ndiye aliyepiga mistari ya rula. Majina hayaandikwi kamili. Huandikwa Mama fulani kwa jina la mwanawe wa kwanza, au Bi fulani ikiwa ni mtu mzima, au kazi yake, muuza samaki, fundi cherehani. Mbele ya kila jina kuna vijiti vya wiki, na pale mtu alipotoa nusu, kijiti huwa kifupi. Hakuna fadhila iliyotajwa, na kila ukurasa umejaa fadhila zilizotendeka au kutotendeka. Msomaji mwenye subira huona pia mabadiliko ya zamu, ambayo ndiyo sehemu inayosomeka kama hadithi. Jina lililokuwa la nane limekatwa kwa mstari mmoja na kupandishwa nafasi ya tatu, na pembeni kijumbe ameandika neno moja, msiba. Jina lililokuwa la tatu limeshushwa hadi la nane. Huyo hakuandikiwa neno.